Mdomo Uelekee Maji

Wubbo ameniachia tundu.
Milimita sita, nyuma ya nyambizi isiyo na rangi bado,
na daftari lenye madoa ya grisi,
na banda ambalo kwa miaka thelathini na minne
niliishia mlangoni, na kikombe cha kahawa mkononi.

Sita zilizama kabla ya hii,
zote katika bwawa lile lile nyuma ya Heijplaat,
na kila mara alirudi na suruali mbichi hadi kiunoni,
akasema, "Hendrikje, maji yana kichwa kigumu,"
akala supu ya njegere, akalala.

Kazi yenyewe ni kitendawili:
toboa tundu, kisha lizibe,
ila ufito wa chuma upite katikati na uzunguke
mara elfu mbili kwa dakika,
mota ndani pakavu, rafadha nje majini,
na baina yao lisipite hata jasho.

Nyambizi za kweli niliziona zikitoka gatini,
nilipokuwa nikipiga hesabu za mishahara kiwandani.
Rotterdam nzima ilikuja kupunga vitambaa.
Hakuna aliyeniambia kwamba tani zote zile
zilitegemea kitu kama mpira huu,
usiozidi kifungo cha shati.

Basi nimelibana bomba la shaba kwenye jiliwa lake,
nimelipiga msasa mpaka likaona haya.
Sjoerd wa jirani, miaka kumi na mitatu,
kinywa kimejaa nyaya za kunyosha meno,
ananishikia taa.
Tunachungulia: ufito na mota vimenyooka?
Kikienda upande kwa unywele mmoja
mpira utalika shavu moja tu,
na maji hayahitaji mwaliko wa pili.

Ukurasa wa kumi na tisa, mwandiko wake umelalia kushoto:
*Sili mbili. Mdomo uelekee ndani, ushike grisi.*
Ukurasa wa ishirini na saba, baada ya kuzama ya nne:
*Mdomo uelekee ndani. Kaza zaidi.*
Akakaza.
Mota ikakoroma, betri ikapata homa,
maji yakaingia vile vile.
Jina lake sili, na bado ilikula maji.

Nikaugeuza mpira kwenye ncha ya kidole.
Nikausukuma kutoka mgongoni: ukafunguka.
Nikausukuma kutoka mdomoni: ukajibana kwenye ufito,
na kadiri nilivyosukuma
ndivyo ulivyong'ang'ania.

Sjoerd akasema, "Aliziweka kinyume."
"Shika taa," nikamwambia.

Nimeweka ya nje mdomo ukitazama bwawa.
Yaje, yasukume, yajifungie yenyewe.
Nimejaza grisi kwa bomba la sindano,
taratibu, kama ninavyojaza krimu kwenye keki,
mpaka uzi mweupe ukachungulia upande wa pili.
Nimezungusha rafadha kwa kidole.
Ilizunguka bila kulalamika.

Wubbo,
mlango wa banda haukuwa na kufuli.
Ulikuwa na wewe tu, umeupa mgongo,
na mimi nikidhani mgongo ni jibu.

Jioni nimejaza beseni la kuogea.
Ndani ya mkia nimekunja karatasi ya chooni,
ndiyo hakimu wetu.
Sjoerd kawasha; maji yakatikisika, sabuni ikaanguka rafuni.
Dakika kumi. Ishirini.
Kiputo kimoja kikapanda, tukakitazama kama mgeni asiyebisha hodi.
Cha pili hakikuja.

Nimefungua mkia, nimetoa karatasi.
Kavu. Kavu. Kavu.
Pembe moja imelowa kidogo.
Sjoerd anasema ni kidole changu,
nilishika beseni kabla ya kushika karatasi.
Inawezekana.

Jumapili tunaipeleka bwawani.
Nimetoa suruali yake ya mpira kabatini,
ile ya kuingilia majini.
Inanipwaya. Nitaikunja.